Mtalii Mwenye Figo Mbili

Kabla sijasimulia yaliyompata mama yangu kwenye dirisha namba nne, naomba ieleweke kwamba naipenda serikali yetu. Hati ya kuthibitisha hivyo ninayo, imegongwa mhuri na Idara ya Mapenzi kwa Taifa, na muda wake unakwisha mwezi wa tisa. Jina la nchi sitalitaja. Kulitaja kunahitaji kibali, na foleni ya kibali hicho nimeiona kwa macho yangu: watu wamo ndani yake na magodoro.

Mama yangu anaitwa Nakijwa. Ana miaka sitini na mmoja, ni mjane, na analima tangawizi huko kwetu milimani. Alituzaa wawili: mimi, Namsifu, mwalimu wa Kiingereza katika sekondari ya wilaya, na mdogo wangu Mbonea, ambaye miaka sita iliyopita alikwenda Kaskazini, ile nchi kubwa ya baridi ambako siku hizi kila mtu ana ndugu. Mbonea alipata kazi ya kufungasha nyama kiwandani. Mwaka jana miguu yake ikaanza kuvimba. Akadhani ni viatu, akanunua vingine. Navyo vikambana, akabadilisha tena. Siku moja akaanguka katikati ya zamu, na hospitali wakamwambia figo zake zote mbili hazifanyi kazi. Tangu hapo akawa analazwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, akitoka hapo anatupigia simu kwa sauti ya mtu aliyetoka kubeba mizigo.

Daktari alisema dawa yake ni figo ya mtu mwingine. Tukapimwa, mimi na mama. Yangu haikulingana na ya Mbonea. Ya mama ililingana vizuri mno, mpaka daktari wa kule akapiga simu kwa furaha. Hospitali ikaandika barua na kuweka mpaka wa muda: mama awe amefika kabla mwezi wa nne haujaisha, kwa sababu moyo wa Mbonea ulikuwa umeanza kuchoka, na ukichoka zaidi asingeweza tena kupasuliwa.

Msomaji atauliza kwa nini Mbonea asirudi, apasuliwe hapa nyumbani. Ni swali zuri, na jibu lake ni la kujivunia. Hospitali yetu kuu ina Jengo la Figo la ghorofa nne, ambalo limezinduliwa mara tatu na viongozi watatu. Milango bado haijawekwa. Lakini siku ya uzinduzi wa tatu Mheshimiwa Waziri alitangaza kwamba, kwa kukamilika kwa jengo hilo, maradhi ya figo yametokomezwa nchini. Tangu siku hiyo hakuna raia aliyeruhusiwa kuyaugua. Wenye figo mbovu huandikiwa “uchovu”, na takwimu zetu zinasifiwa hadi nje.

*

Watu wa Kaskazini huwahoji waombaji wa viza kwa Kiingereza. Kiingereza cha mama kilikuwa “ndiyo”, “hapana”, “asante”, na yale maneno ya kwenye mfuko wa mbolea yanayosema uwekwe pakavu. Kwa wiki tano, kila Jumamosi, nilipanda mlima kwenda kumfundisha. Tulikaa jikoni, yeye akimenya tangawizi, mimi nikiwa na daftari.

“Sema: mwanangu anaumwa.”

Akasema kwa Kiingereza, amefumba macho kama anayemeza kwinini.

“Sema: nitampa figo moja.”

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Figo kwa Kiingereza ni kidni, na mdomo wa mama ulikataa.

“Kidini,” akasema.

“Siyo kidini, mama. Kidni. Usiweke i pale katikati.”

“Sasa di na ni zitashikana vipi bila kitu katikati? Hata matofali yanawekewa udongo.”

“Jaribu tena.”

“Kidini.”

Nikacheka, naye akacheka mpaka akaweka kisu chini. Halafu akajipangusa macho na kuniambia, “Atanielewa tu. Mtu na akili zake hawezi kuzungumza na mama wa mgonjwa akakosa kuelewa.”

Sikumbishia. Nilijiambia Jumamosi ijayo atalipata. Kuna Jumamosi moja alilipata kweli, mara mbili mfululizo, tukashangilia kwa kupiga vifuniko vya sufuria.

*

Zamani raia alikuwa anakwenda tu ubalozini kuhojiwa. Ikaonekana kwamba wengi wao wakiulizwa swali wanajibu, na taifa linaaibika. Kwa hiyo serikali ikaunda Idara ya Maandalizi ya Wanaohojiwa, ambako kila raia huhojiwa kwanza ili aambiwe atakachosema. Huwezi kufika dirishani bila mhuri wao.

Tulipokelewa na Mkurugenzi Msaidizi, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa mnyororo wa shanga. Mama alimwamkia kwa adabu ingawa ni mdogo kwake, kwa kuwa alikuwa nyuma ya meza.

“Sababu ya safari?” akauliza.

“Kumpa mwanangu figo,” mama akajibu.

Mkurugenzi Msaidizi akaweka kalamu mezani taratibu. “Mama yangu, katika nchi hii figo haziumwi.”

“Mwanangu yuko nchi ile.”

“Lakini wewe unatoka nchi hii. Ukitamka figo pale, watakuuliza: kwani kwenu hakuna hospitali ya figo? Utawajibu nini?”

“Nitawaambia ipo, ila haina milango.”

“Umeona sasa?” Akanigeukia mimi kwa huruma, kama daktari anayemwonyesha ndugu wa mgonjwa pale panapouma.

Akavuta fomu. Sababu za safari zilikuwa na visanduku vitatu: Utalii, Biashara, Masomo. Zamani kilikuwepo kisanduku cha nne, Mengineyo, kikafutwa kwa sababu watu walikuwa wanakitumia. Mkurugenzi Msaidizi akaweka alama kwenye Utalii kwa mkono wake mwenyewe.

Nikasema, “Mheshimiwa, tuna barua ya hospitali. Inasema figo waziwazi.”

“Barua haina tatizo, mwalimu. Nendeni nayo. Isisomwe tu.”

Kisha akatoa karatasi ya pili, Tamko la Viungo, ambamo msafiri anaahidi kurudi nyumbani na viungo vyote alivyoondoka navyo. Mama aliniomba nimsomee. Nikamsomea. Akashika kalamu, akasita.

“Hapa nitakuwa nasema uongo,” akasema.

“Husemi uongo, mama,” Mkurugenzi Msaidizi akamwambia kwa upole. “Unatamka.”

Mama akanitazama. Nilifikiria tarehe ya hospitali, nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, aweke sahihi. Mimi ndiye niliyekubali. Akaandika jina lake polepole, herufi moja moja.

Tulipogongewa mhuri tukaelezwa utaratibu. Kwa kuwa Kiingereza cha mama hakijafika kiwango, atazungumziwa na Mkalimani wa Taifa. Mimi, kama mwana, nitaruhusiwa kuingia kwa cheo cha Msaidizi Kimya. Nikapewa beji yenye picha ya mdomo uliofungwa. Msaidizi Kimya akisema neno lolote, maombi yanachukuliwa kuwa hayajawahi kuletwa.

“Mimi ni mwalimu wa Kiingereza,” nikamwambia. “Naweza kumfasiria mama yangu bila gharama yoyote.”

“Ndiyo maana,” akasema.

*

Siku ya mahojiano, wiki ya pili ya mwezi wa tatu, mama alivaa gauni lake la kitambaa kizito alilolishonea harusi ya binamu yangu. Mkalimani wa Taifa, Bwana Kilatu, alitukuta kwenye geti la ubalozi. Suti yake ilikuwa na beji ya bendera kila upande, na alitembea kama mtu anayepigiwa bendi.

“Usiwe na wasiwasi, mama,” akasema. “Nimezungumzia watu mia nne. Hakuna hata mmoja aliyeiaibisha nchi.”

“Wangapi walisafiri, baba?” mama akauliza.

“Takwimu hiyo iko idara nyingine.”

Dirisha namba nne lilikuwa na kioo kinene, na mbele ya kioo kipaza sauti kimoja kifupi. Mama na Bwana Kilatu walisimama hapo. Mimi nilikalishwa kwenye benchi, nyuma ya mstari wa njano, hatua kumi kutoka kwao. Upande wa pili wa kioo alikuwepo Afisa, bwana wa Kaskazini mwenye ndevu nyekundu na sura ya upole. Nasema upole kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, sitaki kumsingizia. Sauti yake ilitoka kwenye spika ya ukutani, kwa hiyo kila alichosema nilikisikia.

Akauliza mama anakwenda kufanya nini.

“Mwambie nakwenda kumpa mwanangu figo moja,” mama akasema. “Mbili ninazo.”

Bwana Kilatu akafunga kifungo cha koti, akakohoa, akasema kwa Kiingereza: “Mheshimiwa Afisa, mama huyu, binti wa milima ya kijani kibichi, anakuletea salamu za wananchi milioni arobaini wenye afya tele. Ana shauku ya kutazama majengo yenu marefu, ambayo amesikia yanakaribia urefu wa yetu.”

Mama akamgeukia. “Figo moja ndiyo imekuwa maneno yote hayo?”

“Kiingereza ni lugha ndefu, mama.”

Nilikaza meno. Nimefundisha Kiingereza miaka kumi na mmoja. Nimesahihisha makosa ya kila namna, lakini sikuwahi kusikia sentensi isiyo na kosa hata moja la sarufi ikifanya jambo kama lile.

Afisa akauliza atakaa wapi.

“Nitalala hospitali,” mama akasema. “Nikitoka nitakaa chumbani kwa Mbonea mpaka kidonda kifunge.”

“Atakaa katika jengo kubwa la kisasa,” Bwana Kilatu akafasiri, “lenye wahudumu usiku na mchana.”

“Hoteli?”

“Ya namna hiyo.”

“Ana sababu gani ya kurudi kwao?”

“Shamba langu lipo,” mama akasema, “na binti yangu yule pale, na kaburi la mume wangu nani atalipalilia?”

“Anasema hakuna nchi nyingine duniani inayofaa kuishi binadamu.”

Afisa aliandika jibu hilo, akalisoma tena, akakuna ndevu. Mama, akiona anaandika, akadhani mambo yanakwenda. Akatoa barua ya hospitali kwenye mkoba, akaipitisha kwenye tundu chini ya kioo. Nikanyanyuka kidogo kwenye benchi. Afisa akaiangalia fomu, akaona Utalii, akairudisha barua bila kuikunjua.

“Watalii hawahitaji viambatisho,” akasema, akatabasamu.

“Amesemaje?” mama akauliza.

“Amesema umependeza,” Bwana Kilatu akajibu.

Hapo mama aligeuka kunitafuta. Mimi beji kifuani, mikono katikati ya magoti. Sijui aliona nini usoni mwangu. Nadhani aliona kila kitu, maana alimpa Bwana Kilatu mgongo, akakisogelea kipaza sauti mpaka midomo yake ikakaribia kukigusa, akaanza kusema Kiingereza chake mwenyewe.

“Mwanangu anaumwa,” akasema. Neno kwa neno, na lilitoka vizuri. Nilikuwa nimefumba ngumi. “Mimi mama. Mimi nampa mwanangu kidini.”

Afisa akainua kichwa. “Unampa nini?”

“Kidini.”

Uso wa Afisa ukang'aa. Kabla ya kuletwa kwetu alikuwa amefundishwa Kiswahili kwa wiki sita, na huenda kwa mara ya kwanza tangu afike alikuwa amesikia neno analolijua.

“Kidini?” akasema kwa Kiswahili. “Wewe, mama, safari yako kidini?”

“Ndiyo!” Mama alipaza sauti kwa furaha. Hatimaye mtu alikuwa ameelewa. “Ndiyo, baba! Kidini! Kwa mwanangu!” Akainua kidole. “Kidini moja!”

“Moja,” Afisa akarudia kwa heshima, naye akainua kidole.

“Mungu akipenda,” mama akasema, akaelekeza kidole hichohicho juu.

Afisa akainamisha kichwa na kuanza kuandika haraka. Bwana Kilatu alikuwa akitazama kucha zake.

Nilisimama. Nilivuka mstari wa njano, nikapiga kelele kwa Kiingereza changu chote cha chuo: ni figo, anasema figo, mwanawe anakufa, fungua barua! Lakini kipaza sauti kilikuwa mbele ya mama, hatua kumi kutoka kwangu, na kioo kilikuwa kinene. Afisa aliniona nikifumbua mdomo. Akamuuliza Bwana Kilatu kwenye spika, “Yule dada anasema nini?”

“Anakusalimu.”

Afisa akanipungia mkono.

Mlinzi akanishika kiwiko na kunitoa nje, bila nguvu nyingi, akiniambia njiani, “Pole, mwalimu. Hata mimi mke wangu walimfanya mfanyabiashara.”

*

Mama alitoka baada ya robo saa, anakaribia kukimbia, ameshika karatasi.

“Ameelewa!” akaniambia. “Umemwona alivyonisikiliza? Mpaka akainamisha kichwa. Nimekwambia mtu mzima hawezi kukosa kuelewa. Hebu soma, imesema niondoke lini?”

Nikaisoma. Ilikuwa na mistari minne. Nikaisoma tena toka mwanzo, nikitafuta neno ambalo labda nimelielewa vibaya.

“Namsifu. Imesemaje?”

Siku nzima nilikuwa nimeomba kupewa nafasi ya kumfasiria mama yangu, na sasa nilikuwa nimepewa.

“Imesema wamekataa, mama. Inasema mwombaji kwenye fomu ni mtalii, na mbele ya Afisa amejieleza kuwa mhubiri. Inasema dhumuni lake halieleweki. Unaweza kuomba tena baada ya miezi kumi na minne.”

“Mhubiri ni nani?”

“Ni wewe.”

Nikamweleza lile neno. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Basi nirudi nimweleze. Yuko palepale, hajaondoka,” akaanza kuelekea getini. Nilimwacha aende. Alimsalimia mlinzi, akamweleza kwa dakika nyingi, akimwonyesha kwa mkono ubavuni pale figo inapokaa, kwanza upande mmoja, kisha wa pili. Mlinzi alikuwa ameshavua kofia. Lakini geti halikuwa lake.

Bwana Kilatu alitoka akiwa mchangamfu, akatupa mkono. “Hongereni sana,” akasema. “Halikutamkwa neno hata moja baya juu ya nchi.”

“Bwana Kilatu,” nikamwambia, “ulijua anachosema.”

Uchangamfu ukamtoka kidogo. “Mwalimu,” akasema kwa sauti ya chini, “aliyenitangulia katika kazi hii alifasiri alichoambiwa. Nina watoto watano.” Kisha akafunga kifungo cha koti na kwenda kumpokea mtalii mwingine.

*

Nilifanya yote yanayofanywa. Niliuandikia ubalozi barua pepe. Ikajibu yenyewe, ikinishukuru kwa kupenda kutembelea Kaskazini. Nilikwenda Idara ya Maandalizi. Wakaniambia malalamiko ya Msaidizi Kimya hupokelewa kwa kimya, wakanikalisha kwenye chumba kwa saa nzima, wakaandika kwamba yamepokelewa. Hospitali ya kule nayo iliuandikia ubalozi wao, ikajibiwa kwamba kwenye kumbukumbu hakuna mtoa figo yeyote, yupo mhubiri. Mbonea hakutaka kuniambia namba za vipimo vyake. Nilizipata kwa muuguzi.

Wiki ya tatu ya mwezi wa nne, redio ya taifa ikatangaza kwamba mkulima mmoja wa tangawizi, mwanamke shujaa, amekataa vishawishi vya mataifa ya nje na kuamua kubaki na figo zake kwa ajili ya kulijenga taifa. Nadhani ni Bwana Kilatu aliyetoa ripoti, na nadhani alidhani anatusaidia. Neno figo lilitamkwa redioni kwa mara ya kwanza tangu uzinduzi. Mwenyekiti wa kijiji akaja na ngoma na cheti. Mama akakipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akawakaribisha chai, na wote walipokwisha kunywa akaosha vikombe, akakaa.

Mbonea alipiga Jumapili, tumetoka kanisani. Mwezi wa nne ulikuwa umebakiza siku mbili. Mama aliweka simu mezani, sauti ikiwa wazi, tukakaa kila mtu upande wake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Umeamkaje?”

“Salama kabisa. Leo nimepata nguvu. Nimetembea mpaka dukani na kurudi.” Akapumzika kidogo katikati ya maneno. “Karatasi zenu zimefikia wapi?”

Sikuwa nimemwambia kwamba tumekataliwa, na hospitali niliwaomba wasimwambie. Nilikuwa nimesubiri siku ambayo sauti yake ingekuwa nzuri, na haikuja. Nilifungua mdomo. Mama akainua kiganja kuninyamazisha.

“Zimebaki kugongwa mhuri tu,” akasema. “Wiki hii au ijayo. Yule Afisa ni mtu mwema sana, tumezungumza vizuri.”

“Sawa, mama. Msiwe na haraka. Daktari naye amesema hakuna haraka tena, moyo umetulia.”

“Mungu mkubwa.”

“Mkubwa kweli.”

Wakaulizana habari za mvua, na za baridi ya kule, na mama akamwonya asitoke bila soksi. Walizungumza dakika kumi na mbili. Kisha wakaagana, na simu ikajizima mezani.

Mama alikaa akiitazama.

“Ameniamini?” akaniuliza.

“Amekuamini, mama.”

“Mimi sijamwamini,” akasema.